Anasimulia vizuri mlangoni, akishika biki anakauka

Jambo, Mama,

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Goma. Tangu Septemba, kila Jumamosi saa nane mchana, nakaa na wanafunzi 12 wa humanite, yaani madarasa ya juu ya sekondari, wenye miaka kati ya 14 na 17, tunajifunza kuandika hadithi fupi. Hakuna aliyenituma. Prefe, mkuu wa shule yetu, alinipa chumba kimoja na kuniambia nifunge madirisha nikitoka, basi. Watoto wanakuja kwa miguu, wengine kutoka mtaa wa Ndosho, wengine Majengo, na mvua ikinyesha wanafika wamelowa. Kwa hiyo siwezi kusema hawapendi. Kinachonisumbua ni yale wanayoniandikia.

Nusu yao wananiletea habari za Kevin na Jessica wanaoishi Paris au New York, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Kevin anazaliwa, anakuwa yatima, anateswa na mama wa kambo, anapata kazi, anatajirika, anaoa, anafariki. Yote hayo ndani ya kurasa mbili. Nusu nyingine wanaandika mambo ya hapa kwetu, lakini kama taarifa ya redio. Niliwaomba waandike juu ya usiku ule wa volkeno, tarehe 22 Mei 2021. Walikuwa wadogo, lakini wanaukumbuka. Karibu kaye (daftari) zote zilianza hivi: "Nyiragongo ni volkeno iliyo kaskazini mwa mji wa Goma. Ina urefu wa mita 3,470." Na karibu zote zikaisha hivi: "Funzo: tumshukuru Mungu kwa kila jambo."

Kilichonifanya nikuandikie ni msichana mmoja, mkimya kuliko wote. Siku hiyo aliandika mistari sita tu ya namna hiyo. Baadaye, tukiwa mlangoni tunangoja mvua ipungue, akaanza kuwasimulia wenzake usiku uleule. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Sisi tulikuwa na pika maharagi. Bantu bote banakimbia, mbingu yote nyekundu. Mama anatutosha inje mbio, tunafika ku barabara, anasema: ngojeni! Anarudilia sufuria! Papa anapiga makelele, yeye anasema: hii maharagi imekula makala (makaa) yangu tangu saa nane, siwezi iachia volkano."

Wote waliacha simu zao. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo uandike!" Akanitazama kama niliyemtukana, akasema, "Mwalimu, hiyo si hadithi, ni mambo ya nyumbani." Mvua ikapungua, wakaenda zao.

Kuna kosa langu jingine, nalikiri. Mwezi wa kwanza wa mafunzo haya nilisahihisha kwa biki nyekundu kama ninavyofanya darasani. Kijana mmoja alikuwa ameandika kurasa nane, Mama, kurasa nane! Nilimrudishia zikiwa nyekundu tupu. Tukikutana uani ananisalimia vizuri, lakini Jumamosi haji tena.

Naomba unisaidie. Niwafundishe kwanza kanuni, yaani mwanzo, kati na mwisho? Waandike kwa Kifaransa, kwa Kiswahili sanifu, au kwa hiki Kiswahili chetu? Tena wazazi wawili wamekuja kuniuliza hadithi zitawasaidia nini watoto wao kwenye mtihani wa Serikali, na sikuwa na jibu zuri.

Mwalimu wa Jumamosi, Goma

*

Mwalimu, mwanangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimebaki pale mlangoni, kwenye mvua, pamoja na yule binti. Nilifundisha miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakwambia kwamba karibu kila unachotafuta kilikuwa ndani ya ile dakika moja. Watoto wako wanajua kusimulia. Wanajua kabisa. Kinachowakausha ni karatasi.

Fikiria karatasi imekuwa nini kwao tangu darasa la kwanza. Ni mahali pa kupewa pointi. Kwenye karatasi hakuna mama anayebishana na baba kwa ajili ya sufuria. Kuna utangulizi, kuna hoja, kuna hitimisho, na neno "mimi" halikaribishwi. Disertasio, ile insha ya hoja, inawangoja mwishoni mwa humanite, na siku za kazi wewe mwenyewe ndiye unayewafundisha kuiandika, na unafanya vema. Basi binti akishika biki, mkono unakwenda ulikozoea: mlima uko wapi, una mita ngapi. Hana kosa. Ametii.

Kwa hiyo kanuni ziache kwanza. Jumamosi ijayo kaye zibaki ndani ya mifuko. Pangeni viti kwa mduara. Mmoja asimulie kwa mdomo, dakika tatu, jambo lililompata au aliloliona kwa macho yake, kwa lugha anayoongea nyumbani. Wanaosikiliza wana kazi moja tu, kukumbuka ni mahali gani waliacha kujinyoosha na kutazama dirishani. Akimaliza, mtu asimwambie kama ni nzuri au mbaya. Wamwambie tu: "Mimi nilinyamaza pale mama aliposema ngojeni." Mwingine atasema: "Mimi kwenye makala." Utashangaa jinsi watu 11 wanavyotaja mahali palepale. Hapo ndipo hadithi ilipo, na sasa msimulizi amejua mwenyewe, kutoka kwa wenzake, bila wewe kumfundisha lolote. Maneno yakiwa bado ya moto, afungue kaye aanzie hapo. Mlima asiutaje. Sentensi ya kwanza iwe mama amesema ngojeni.

Nilikuwa na mwanafunzi, zamani kidogo, ambaye siku za likizo alikuwa akishusha makabichi na viazi kutoka Kibumba kwa chukudu. Nilimwomba aniandikie safari moja. Akaniletea hivi: "Chukudu ni chombo cha usafiri kilichotengenezwa kwa mbao. Kina magurudumu mawili na kinasaidia uchumi wa mji wetu." Yote kweli, na hakuna hata neno moja ambalo yeye peke yake ndiye angeweza kuniambia.

Nikamwita pembeni. Nikamwuliza, ukiteremka goti unaliweka wapi? Akasema kuna sandali kuukuu ya mpira imepigiliwa misumari juu ya ubao, goti linakaa hapo, mguu mwingine unasukuma. Sandali ya nani? Ya papa. Iko namna gani? Hapo alifikiri kidogo. Akasema imelika katikati, imefanya shimo, na shimo ni kubwa kuliko goti lake. Akiteremka kwa kasi goti linacheza humo ndani na kuchubuka, ndiyo maana amejaza kitambaa. Nikamwuliza na breki. Akasema ni kipande cha tairi, unakikanyaga kinabana gurudumu la nyuma, na kwenye mteremko mrefu kinatoa harufu ya kuungua mpaka watu wa kando ya barabara wanageuka.

Sikumwuliza baba yuko wapi. Nilimwambia, nenda ukaandike goti. Aliniletea kurasa tatu juu ya siku yake ya kwanza kushuka na chukudu ya baba yake, na baba hakutajwa popote ila kwa lile shimo. Usiku ule nilimsomea mume wangu. Alinyanyuka akazima redio, akaniambia nianze tena mwanzo.

Angalia maswali niliyomwuliza: wapi, ya nani, iko namna gani, inanuka nini. Sikumwuliza alijisikiaje. Kijana wa miaka 15 ukimwuliza alijisikiaje atakujibu "vibaya", na mlango umefungwa. Mwulize kitu alichokishika, naye atakupeleka mpaka ndani ya nyumba bila kujua kwamba amekupeleka.

Kevin naye usimcheke, wala usimpige marufuku. Watoto wanamwandika Kevin kwa sababu vitabu na filamu walizozikuta zimewazoesha kuamini kwamba hadithi hukaa mbali na kwamba mtu wa Birere, hapa Goma, hana nafasi ndani yake. Mwulize mwandishi wake: katika maisha yote hayo ya Kevin, ni siku gani moja unayotaka nikae nayo? Atachagua, na mara nyingi atachagua siku ya mama wa kambo. Haya, ilikuwa saa ngapi? Saa ile Kevin alitaka nini? Akijibu "furaha", mkatalie kwa upole, atafute kitu kinachoshikika. Labda ni sahani iliyofunikwa juu ya meza. Nani alimzuia? Akafanya nini? Mkifika hapo, Paris itakuwa imeondoka yenyewe. Utakuta jikoni kuna babula, jiko letu la makaa, na pembeni bidoni ya maji ya ziwa.

Hadithi fupi haiwezi kubeba maisha ya mtu. Inabeba alasiri moja, pengine hata saa moja tu. Mtu anataka kitu, kuna kinachomzuia, analazimika kuchagua, na akishachagua hawi tena yule wa asubuhi. Sufuria ile ina yote hayo. Mama anataka maharagi yake. Anazuiwa na moto unaoshuka mlimani na mume anayepiga kelele. Anachagua kurudi. Na hapa nakuomba usipite haraka: kuna mtoto amesimama barabarani anamngoja, watu wanampita mbio, na usiku ule ameona juu ya mama yake jambo ambalo hakulijua mchana. Kwangu, hadithi yenyewe ni ya huyo mtoto wa barabarani. Mwanzo, kati na mwisho unavyoniuliza vimo humohumo, na utavifundisha kwa urahisi siku watoto watakapokuwa na sufuria mkononi.

Kuhusu lugha nina msimamo na sitauficha. Rasimu ya kwanza iandikwe kwa lugha ileile iliyotoka mdomoni. Kama alisema "bantu bote banakimbia", aandike hivyo. Ukimwambia papo hapo abadilishe iwe "watu wote walikuwa wakikimbia", atasimama kutafuta sarufi, na mama atakuwa ameshafika Sake, nje kabisa ya Goma. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini waulize watoto wako 12 ni lini mara ya mwisho waliandika ukurasa mzima wa Kiswahili, uone watakavyotazamana. Mimi jambo hilo linaniuma. Lugha wanayoliliamo, wanayogombanamo na kuombamo, hawajawahi kuiona kwa mwandiko wao wenyewe.

Kwenye rasimu ya pili waamue. Mimi napenda masimulizi yawe ya sanifu, ili hata msomaji wa Kigoma au Mombasa atufuate, na maneno ya watu yabaki kama walivyoyasema. Mama wa Majengo akisema "siwezi iachia volkano", usimsahihishe. Hajakosea.

Baada ya hapo, anayetaka aipeleke hadithi yake kwenye Kifaransa, na hapa ndipo pana jibu la wale wazazi wawili. Mtoto anayetafsiri usiku wake mwenyewe analazimika kuchagua kati ya imparfait na passé composé, nyakati mbili zilizopita za Kifaransa, kwa sababu zenye maana kwake: maharagi yalikuwa yakichemka, mama akasema ngojeni. Ataelewa tofauti hiyo kuliko aliyeikariri ubaoni. Na kwenye disertasio, mtoto aliyezoea kushika mfano mmoja na kutouachia hamwagi maneno matupu. Waambie wazazi hivyo, halafu waalike Jumamosi moja waje wakae nyuma wasikilize.

Sasa yule kijana wa kurasa nane. Nenda kwake, mwanangu, usingoje aje. Usimwombe msamaha mbele ya wenzake, utamwaibisha. Mtafute wakati wa mapumziko, akiwa peke yake, umtajie jambo moja la hadithi yake ambalo hujalisahau, jambo dogo kabisa, na umwambie unataka kujua kilichofuata. Ikiwa hukumbuki chochote isipokuwa makosa, mwombe kaye uisome upya, safari hii bila biki mkononi. Kurasa nane kwa umri ule ni usiku kadhaa wa kuandika, pengine kwa mwanga wa simu. Ulipaswa kuanzia hapo, na najua unalijua, ndiyo maana umeniandikia.

Tangu sasa, kwenye rasimu ya kwanza usiandike alama yoyote juu ya kazi ya mtoto. Maswali mawili kwa mdomo yanatosha. Tahajia, herufi kubwa na nukta zingoje rasimu ya tatu, wakati mtoto amekwisha kujua kwamba kuna mtu atasoma. Hapo atakuja mwenyewe kukuuliza neno fulani linaandikwaje, na atakulazimisha umjibu.

Lile "Funzo" lao tusiwalaumu nalo. Sisi walimu ndio tuliowazoesha tangu shule ya msingi kwamba hadithi isiyo na funzo haina kazi. Ngano za bibi zetu zilikuwa na funzo kweli, ila bibi alilitamka akijua ni nani kati ya waliomzunguka ameiba sukari jana yake. Mtoto anayeandika hana mwizi wa sukari mbele yake. Mwambie afunike kwa kiganja mistari mitatu ya mwisho, kisha asome kwa sauti yaliyobaki. Mara nyingi hadithi imekwisha kabla ya kiganja. Zoezi hilohilo linatibu "kumbe ilikuwa ndoto". Wale wanaoua watu wote kwenye ukurasa wa mwisho nawauliza: huyu angeamka kesho asubuhi, angefanya nini kwanza? Wengi hurudi wakamfufua.

Kuna jambo hukuliuliza, nami nalisema kwa sababu tuko Goma. Baadhi ya watoto wako wameona mambo mabaya kuliko volkeno. Usiwape kamwe zoezi la "andika siku mbaya kuliko zote". Anayetaka kuiandika ataiandika bila kuombwa. Toa mada ndogo: kiatu, mlango, mtu aliyechelewa kurudi. Hata ukitaka kuugusa mwaka ule wa 2021, gusa mizigo. Siku tano baada ya lava, tarehe 27 Mei, mitaa 10 ilipoamriwa kuhama, watu walikwenda Sake, wengine Rwanda, wengine kwa boti hadi Bukavu, na kila mtu alibeba kitu. Mimi nilibeba pasi ya makala na kuacha picha za harusi kabatini. Mpaka leo siwezi kukueleza kwa nini nilichagua pasi. Waulize walichobeba na walichoacha, na yule asiyetaka kujibu mwache aseme "napita".

Wawekee masharti mapema, kabla mtu hajasoma chochote. Kila mmoja ana haki ya kutosoma. Kila mmoja ana haki ya kubadilisha jina, mtaa, hata "mimi" ikawa "yeye". Kinachosomwa chumbani hakipigwi picha kwa simu na hakitoki nje ya mlango. Na mtoto akiandika jambo linalokutia hofu juu ya usalama wake, hapo kazi ya hadithi imesimama. Kaa naye peke yake, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, msikilize mpaka mwisho, mwulize ni mtu mzima gani anayemwamini, mwende pamoja kwa mtu huyo. Ukurasa huo usiusahihishe, hata koma.

Turudi kwa binti. Jumamosi usimwambie "andika". Mwambie mvua ilikuwa inapiga mabati siku ile na hukusikia vizuri, na ni kweli kwamba hukusikia mwisho. Akisema tena ni mambo ya nyumbani, mkubalie: ni ya nyumbani kwao, na katika Goma nzima hakuna mtu mwingine anayeweza kuyaandika. Mwulize sufuria ya moto mama aliibeba vipi, kichwani au mkononi, na ilifungwa kwa kitenge gani. Kifuniko kilikuwepo? Baba alisema nini alipomwona anatoka nayo gizani? Nani alikuwa ameshika mkono wake yeye wakati wote huo?

Halafu uniandikie, tafadhali. Nataka kujua kama yale maharagi yaliiva, na moto waliupata wapi.

Mama